Pedali ya wawa ya bei ghali kwa mpiga solo: je, inastahili gharama yake?

SoloWaMagomeni
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Kuna mtu anarudi kutoka Uingereza akiwa na pedali ya gitaa ya wawa (ile ya kukanyaga inayofanya gitaa lilie "wa-wa") aina ya Xotic XW-1, nayo haijatumika sana. Anataka shilingi 850,000 na anasubiri jibu langu kabla ya Jumapili. Katika duka moja hapa Dar es Salaam nimeona wawa ya kawaida ya Cry Baby, GCB95, mpya ndani ya boksi lake, kwa shilingi 380,000. Sijawahi kumiliki wawa, ila niliikanyaga ya rafiki yangu mara moja na tangu siku hiyo sina amani. Je, tofauti ya shilingi 470,000 nitaisikia masikioni, au nitakuwa nimelipia jina tu?

MamaRithimu
Kaka, bei umezitaja zote mbili, lakini hukutueleza una gitaa gani, unapigia amplifaya gani, wala bendi yenu inapiga muziki gani. Bila hayo, kila mmoja wetu atakushauri kwa mahitaji yake mwenyewe.

FundiWaLikoni
Wakati tukisubiri majibu hayo, nieleze kinachotendeka ndani ya pedali yenyewe. Wawa ni chujio la sauti lenye kilele kimoja, yaani hukuza sehemu moja ya sauti kuliko nyingine. Unapoikanyaga kwa vidole, meno ya plastiki huzungusha potenshomita (kipuri ambacho ukinzani wake wa umeme hubadilika kikizungushwa), na kilele hicho hupanda kutoka karibu Hz 400 hadi karibu Hz 2,000, ndiyo maana gitaa husikika kama mdomo unaofunguka kutoka "u" kwenda "a". Saketi hiyo haijabadilika sana tangu kampuni ya Vox walipoanza kuiuza mwaka 1967: transista mbili, indakta moja, kapasita chache na potenshomita. Kwa hiyo usimwamini mtu atakayekuambia kwamba ndani ya ile ya ghali kuna miujiza.

Unacholipia kwenye XW-1 ni vidhibiti vinne, yaani besi, trebo, ukali wa kilele na bayasi (umeme unaoiweka transista tayari kwa kazi), pamoja na umbo dogo kuliko la kawaida, na swichi inayopitisha sauti moja kwa moja pale wawa inapozimwa. Jambo hilo la mwisho si dogo. Wawa nyingi za zamani, hata zikizimwa, saketi yake hubaki imening'inia kwenye njia ya sauti na kufifisha ukali wa nyuzi nyembamba. Ukienda dukani, chomeka kwanza gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya, kisha lipitishe kwenye pedali ikiwa imezimwa, usikilize kama kuna kilichopotea.

Mzee wa Tanga
Mimi nina neno la uchungu. Miaka minne iliyopita nilinunua mtandaoni wawa ya ghali iliyotengenezwa kwa mkono, nikaletewa na shemeji yangu. Kwa miezi saba ilinipa raha ambayo siwezi kuieleza. Kisha, harusini, katikati ya solo, ikaanza kukwaruza: kila nikiikanyaga spika zinatoa sauti ya mchanga unaomwagwa juu ya bati, na bibi harusi akageuka kututazama. Muuzaji hakujibu barua pepe hata moja. Nikaipeleka kwa fundi wa redio, naye kwa nia njema akatoa potenshomita iliyochakaa na kuweka nyingine ya kilo-omu 100 kutoka kwenye akiba yake. Mkwaruzo ukaisha, lakini na wawa ikaisha pamoja nao, kwa sababu safari yote ya sauti ilijikusanya kwenye sentimita ya mwisho ya kanyagio. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba potenshomita ya wawa ina mpando wake maalumu wa ukinzani, na kwamba tarakimu iliyoandikwa mgongoni haitoshi. Nilisubiri kipuri halisi kwa miezi miwili. Kijana wangu, kabla ya kuuliza itasikikaje, uliza itatengenezwa na nani.

KanyagiaTaratibu
Shikamoo mzee. Pole sana, lakini potenshomita huchakaa kwenye pedali zote zinazoitumia, ziwe rahisi au ghali. Anayeogopa mkwaruzo atafute wawa za Morley, ambazo hutumia mwanga badala ya potenshomita. Mimi binafsi ningenunua Dunlop 535Q, kwa kuwa ina masafa sita ya kuchagua, na inakuwezesha kuongeza nguvu ya sauti unapoingia kwenye solo.

Mzee wa Tanga
Marahaba. Hizo za mwanga nimezisikia, na sauti yake kwangu ni nyembamba mno.

Besi_Nane
Mnanisamehe, lakini mpiga sebene anahitaji wawa ya nini? Uzuri wa gitaa letu ni sauti safi inayong'aa na vidole vinavyokimbia. Ukiweka wawa unaifunika kazi ya vidole.

MamaRithimu
Sikubaliani nawe hata kidogo. Bendi za Zambia za miaka ya 1970, kama vile WITCH, zilitumia fazi (fuzz, pedali inayoipa sauti mkwaruzo mzito) na wawa, na muziki wao ulibaki wa Kiafrika. Mimi mwenyewe huikanyaga wawa kwenye rithimu, polepole, nikiiacha katikati bila kuisogeza, na hapo nyuzi hutoa sauti ya puani ambayo huwezi kuipata kwa njia nyingine yoyote.

SoloWaMagomeni
Nawashukuru wote. Gitaa langu ni la umbo la Stratocaster, lenye pikapu tatu za koili moja. Tunapiga dansi na nyimbo za zamani za kukopi, ukumbini, kila Ijumaa na Jumamosi. Amplifaya ni ya ukumbi, sina uchaguzi. Nimesahau kusema kwamba pia nina pedali ya fazi, na ndiyo ninayoitegemea kwenye solo.

FundiWaLikoni
Ungeanza na hilo, ndugu yangu. Baadhi ya fazi, hasa zile za mtindo wa Fuzz Face, huwa na ukinzani mdogo sana kwenye mlango wa kuingilia. Wawa ikitangulia mbele yake, safari ya kilele hubanwa, na mara nyingine hutokea mluzi. Hapo XW-1 na GCB95 zote zinaweza kukusumbua, na pengine fedha zako zingefaa zaidi kwenye bafa ndogo (saketi ya kuzitenganisha pedali mbili zisisumbuane) ya kuweka katikati, au ujaribu kuitanguliza fazi. Fungua kifuniko cha fazi yako uhesabu: transista ni mbili, kama za Fuzz Face, au ni nne?

SoloWaMagomeni
Sijawahi kuifungua. Bisibisi nitaazima kesho asubuhi, nami nitarudi hapa na picha.