Mjadala: Je, Marx ndiye aliyewafunga midomo waandishi wa Kisovieti?

Mleta mada:
Ndugu zangu, kila tukigusa uhakiki wa Kimarx (kusoma fasihi kwa kuangalia matabaka ya jamii), hakosekani wa kusema kwamba uhalisia wa kijamaa wa enzi za Stalin (mtindo rasmi uliowataka waandishi wausifu ujamaa) ni mtoto halali wa Marx: ukishakubali kuwa sanaa ina misingi ya kitabaka, mwisho wako ni udhibiti. Napinga kabisa.

Someni barua ya Engels, mwenzake Marx, kwa mwandishi Mwingereza Margaret Harkness, Aprili 1888. Anamsifu Balzac, mwandishi wa riwaya Mfaransa na mtetezi wa ufalme, kwa sababu riwaya zake zilianika kuporomoka kwa makabaila wale wale aliowapenda. Humo humo anasema maoni ya mwandishi yakizidi kujificha, kazi inazidi kuwa bora. Hayo ndiyo maneno ya kumpangia msanii cha kuandika?

Miaka ya 1930, mwanafalsafa wa Kisovieti Mikhail Lifshitz alikusanya maandishi ya Marx na Engels kuhusu sanaa huko Moscow. Yeye na mhakiki wa Hungaria Georg Lukács wakayatetea katika jarida la uhakiki la Literaturny Kritik, likafungwa 1940. Yaani waliomsoma Marx kwa makini ndio walionyang'anywa ukumbi!

Kilichofunga midomo ni uamuzi wa Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti wa Aprili 1932: vikundi vya waandishi vivunjwe, ubaki umoja mmoja wa waandishi. Mwaka 1946 mshairi Akhmatova na mwandishi wa tashtiti Zoshchenko walifukuzwa katika umoja huo, na milango ya kuchapisha ikafungwa.

Mchangiaji:
Mkuu, mbona umemruka Lenin? Makala yake ya 1905 inataka fasihi iwe parafujo katika mashine ya chama. Naye hakumsoma Marx? Na huyo Lukács alimpima James Joyce, mwandishi wa riwaya wa Ireland aliyevunja kanuni za uhalisia, kwa vigezo vya Balzac, akamtupa nje. Nadharia inayojua mapema riwaya bora inafananaje imeshashika rungu, inasubiri dola tu.

Mleta mada:
Kuhusu Joyce, Lukács alibana mno, sibishi. Lakini mhakiki mkali anajibiwa kwa uhakiki. Lenin naye, katika makala hiyo hiyo, anasema kila mtu yuko huru kuandika apendavyo, na chama nacho kiko huru kumwondoa mwanachama asiyekubaliana nacho. Mwaka 1905 aliyeondolewa angeweza kwenda kwa mchapishaji mwingine. Chini ya Stalin wachapishaji wote walikuwa mkononi mwa dola. Nionyesheni mstari mmoja wa Marx unaohalalisha hali hiyo.