Nyeupe na bluu Mombasa: kaunti ilikuwa na haki ya kuamuru?

Mleta mada
Mwaka 2018 Serikali ya Kaunti ya Mombasa iliamuru majengo ya katikati ya jiji na Mji wa Kale yapakwe rangi nyeupe na kingo za bluu, gharama juu ya mwenye jengo. Lengo lilikuwa jiji liwe na sura yake. Mimi naunga mkono. Kila mtu akiachiwa afanye atakavyo, kampuni za simu zitageuza kuta zetu mabango. Nyie mwaonaje?

Mpangaji miji
Kaunti haikosi mamlaka. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010, Sehemu ya Pili, linazipa kaunti mipango na maendeleo, utalii wa mahali, uzoaji taka na udhibiti wa matangazo ya nje. Kosa ni mpangilio wa vipaumbele. Mabango na taka zimetajwa waziwazi, rangi ya ukuta wa mtu haikutajwa. Mapembe ya Moi Avenue, yale matao ya mfano wa pembe za ndovu juu ya barabara, ni alama ya Mombasa tangu miaka ya 1950; bango likisimamishwa nyuma yake, picha imeharibika, na hilo kaunti inaweza kulizuia bila kumgusa raia mfukoni.

Fundi wa nyumba za kale
Kwa Mji wa Kale, ndugu zangu, kutaja nyeupe hakutoshi. Kuta zile ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa. Hunyonya unyevu wa ardhini na kuutoa nje. Ukipaka rangi ya plastiki, maji hukwama ndani, chumvi huganda nyuma ya rangi, lipu huvimba na kubanduka kuanzia chini. Mwenye nyumba huziba kwa saruji, na hapo ndipo anapouua ukuta: unyevu hupanda zaidi hadi vichwa vya boriti, zinaoza, sakafu inashuka.

Kwangua plastiki yote, bandua saruji, piga lipu ya chokaa kipimo kimoja kwa mchanga vipimo vitatu. Mchanga uwe umeoshwa; wa ufuoni una chumvi. Inyunyizie maji ikauke polepole. Halafu paka chokaa nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano, ukilowanisha ukuta kabla ya kila mkono na kupisha siku moja. Masika usianze kabisa. Nyeupe mtaipata hivyo; bluu iwekeni kwenye mbao za milango na madirisha.

Mleta mada
Shukran fundi, nimekuelewa. Lakini kazi hiyo inazidi mbali bei ya ndoo ya rangi, na nyumba nyingi huko ni za mirathi au wakfu. Ndugu kumi wana nyumba moja, nani atatoa pesa?

Mpangaji miji
Kaunti yenyewe isaidie. Kifungu cha 209 cha Katiba kinairuhusu kutoza kodi ya majengo, basi iipunguze kwa anayetumia chokaa. Haiwezi kufanya hivyo kwa tangazo tu: Kifungu cha 210 kinataka msamaha uruhusiwe na sheria, uwekewe kumbukumbu ya wazi pamoja na sababu yake, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aarifiwe. Bunge la kaunti lipitishe sheria hiyo kabla ya amri nyingine yoyote ya rangi. Na punguzo litolewe baada ya ukaguzi wa pili, masika yakishapita, maana kasoro za lipu huonekana baada ya mvua, si siku ya kupaka.