Naomba ushauri: Hiace ya kwenda Ruhuhu au plasta ya kufinyangia mataya?

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha baiolojia sekondari moja hapa Songea. Klabu yetu ya sayansi ina shilingi 180,000, basi.

Vijana wanataka tukodi Hiace twende bonde la Ruhuhu, ambako zimetoka visukuku vya sainodonti, ndugu wa kale wa mamalia, wa miaka milioni 240 hivi. Raha tupu, ila kuchimba bila kibali cha Mambo ya Kale ni kosa, na mtu asiyejua macho yake yataona mawe tu. Hela yote ingeishia kwenye mafuta. Mwalimu wa uchumi kanipiga swali: hiyo safari bei yake si mafuta, ni kile unachokiacha. Kanikera, lakini kasema kweli.

Ninachokiacha ni plasta ya kufinyanga mifano ya mataya, vijana waone taya lilivyobadilika hadi kufika kwa mamalia. Jana nilichemsha kichwa cha mbuzi nilichopewa na muuza supu: kila upande wa taya la chini ni mfupa mmoja. La mjusi ni vipande kadhaa. Kwa mababu wa mamalia, mifupa miwili ya kwenye kiungo cha taya, mmoja wa taya la chini na mmoja wa juu, vizazi kwa vizazi, ikawa nyundo na fuawe, vifupa vidogo vya ndani ya sikio letu. Morganukodoni, mnyama mdogo wa kale wa ukoo wa mamalia, wa miaka milioni 205 hivi, alikuwa na viungo viwili vya taya kwa pamoja: cha kale cha mifupa hiyo miwili, na kipya kama chetu!

Sasa, aliyewahi kufinyanga vitu vidogo hivyo, plasta ya dukani inashika au inavunjika? Na picha za kupimia nizipate wapi bure?