Kesi ya mdogo wangu: video ya kamera tutaipataje?

Wadau, naomba ushauri, hasa kwa mliowahi kupanda na kushuka ngazi za korti. Mdogo wangu ameshtakiwa kuiba pikipiki Kayole, Nairobi. Yuko nje kwa dhamana, wakili hatuna. Anadai saa hiyo alikuwa kwenye kibanda cha chipsi, na duka la mkabala lina kamera. Mwenye duka si mtu mbaya, ila anasema bila karatasi ya korti hatoi kitu, na kamera ikijaa hufuta picha za zamani.

Shemeji yangu aliye Ufaransa anashangaa. Kule, kesi nzito hupewa hakimu mpelelezi, anayetakiwa kutafuta ushahidi wa kumtia mtu hatiani na wa kumwokoa pia. Sisi tulirithi mfumo wa Waingereza: pande mbili zinavutana, hakimu ni refa. Sawa, lakini hapa timu moja haina hata viatu!

Nimesoma Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010: mshtakiwa hupewa wakili anayelipwa na serikali iwapo bila hivyo haki itapotea pakubwa. Je, kesi ya pikipiki inafika hapo? Pia kifungu cha 150 cha sheria ya mwenendo wa jinai kinamruhusu hakimu kumwita shahidi wakati wowote. Mdogo wangu anaweza kuomba samansi (amri ya korti ya kumwita shahidi) ya mwenye duka sasa, kabla ya zamu yake ya kujitetea? Aombe kwa mdomo au aandike barua? Kesi inatajwa wiki ijayo.