Wakuu, mjuaji wa kibanda umiza kanidhalilisha leo mbele za watu, mikono bado inatetemeka

Nimetoka huko sasa hivi, hata kipindi cha pili sijaangalia. Jina simtaji, wote mnamfahamu: yule wa jezi iliyopauka, anayebishana na refa wa kwenye marudio.

Mimi nimesema tu kistaarabu, "Leo Simba na Yanga ni Har-Magedoni." Basi! Jamaa kasimama, kakinga skrini kwa tumbo, kasema: "Kaa chini dogo, Har-Magedoni ni bomu la Wamarekani."

DOGO! Mimi baba wa watoto wanne! Watu wakacheka mabati yakataka kung'oka. Muuza karanga kacheka kwanza ndipo akanipa chenji.

Bomu limeingiaje Ufunuo 16:16, kwenye Biblia, wafalme wanapokusanywa kwa vita ya mwisho? Imeandikwa palepale kuwa ni Kiebrania. Har ni mlima, Magedoni ni Megido, mji wa kale kaskazini mwa Israeli. Kasome 2 Wafalme 23:29, Farao Neko alimuua Mfalme Yosia hapohapo. Jina lilishanuka damu kabla Yohana hajaliandika. Yeye anasema bomu. Na "dogo" juu. Dogo!

Mzaramo Halisi: Nacheka peke yangu kwenye daladala, konda ananiangalia vibaya. Kwa hiyo ulikaa au hukukaa?

Mleta uzi: Benchi lilijaa, nikachuchumaa. Hiyo siyo hoja.

Mama Kashata: ALICHUCHUMAA 😂😂😂

Mtumishi wa Jioni: Mleta uzi nawe usijifanye. Megido si mlima wa maana, ni kilima cha magofu, mji juu ya mji, kinatazama bonde la Yezreeli. Njia ya kutoka Misri kwenda Shamu ilipita hapo, ndiyo maana majeshi yalipagombea. Septemba 1918 Allenby wa Uingereza aliwachapa Waturuki maeneo hayo, akaja kupewa cheo chenye jina la Megido.

Mleta uzi: Barikiwa mtumishi. Sasa nenda kamwambie yeye, mbele ya watu walewale walionicheka.

Kandambili: Mnahangaika na vilima, hamuoni siku ya watani kiingilio kinatoka jero hadi buku na feni haizunguki?

Mama Kashata: Feni afadhali. Sisi picha iliganda penati inapigwa, matokeo tukayasikia kwa kelele za jirani. Hela hakurudisha!

Kandambili: Halafu atasingizia mvua.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye hilo la "dogo".

Mzaramo Halisi: Dogo tulia kwanza. Mama Kashata, unasema kile cha kona au cha nyuma ya msikiti?

Mama Kashata: Cha kona. Cha nyuma ya msikiti viti vipo, ila kunguni nao wamelipa kiingilio.