Naomba ushauri: Mauser ya marehemu baba mkubwa
Jambo wandugu. Baba mkubwa alifariki Liège, akaacha bunduki ya Mauser modeli ya 1889, zile zilizotengenezwa na FN, kiwanda cha silaha cha Ubelgiji, pale Herstal, mtutu umevikwa bomba jembamba la chuma. Iko huko huko kihalali. Sisi Lubumbashi tunangoja mgao tu. Mnunuzi anatoa bei ndogo: namba ya mtutu na ya boliti (kile chuma cha kufungia nyuma ya mtutu) hazifanani, halafu kitako kilipigwa msasa hadi mihuri ya jeshi ikafutika, kikapakwa vanishi. (Kaka anasifu kinavyong'aa, kumbe ndiyo hasara yenyewe!) Hayo nayakubali. Ila mnunuzi hajachungulia ndani ya mtutu, wala kutu chini ya lile bomba. Je, mtutu ukiwa msafi unapandisha bei, au msasa umeshaharibu yote? Na mkanda wake wa ngozi, tuuze kando?