Mchezaji tegemeo akifeli darasani, azuiwe kucheza? Mimi nasema asizuiwe

Ndugu zangu, mada yenyewe ni hii: mwanafunzi wa sekondari ambaye timu inamtegemea akifeli masomo, je, awekwe nje mpaka alama zake zipande? Shule nyingi zina kanuni ya aina hiyo, iwe imeandikwa au inajulikana tu. Walimu wenzangu wengi wanaiunga mkono, nami kwa miaka mingi niliitetea kwa nguvu zote. Leo naipinga, na nitasema wazi kilichonigeuza.

Nafundisha historia. Nilikuwa na kijana mmoja, winga wa kulia, mwepesi kama mshale, na darasani alikuwa muulizaji maswali mzuri ingawa kuandika kulimtesa. Mtihani wa katikati ya muhula akapata 34. Ili acheze nusu fainali alitakiwa kuwa na 40. Kocha akanifuata ofisini. Hakuniomba kitu. Aliiweka karatasi ya kijana mezani kwangu, akasema, "Mwalimu, hebu lipitie tena swali la tano."

Swali la tano lilikuwa la insha, na kila anayesahihisha insha anajua huruma inakopenyea. Nikalipitia. Nikaona sentensi mbili ambazo ukizisoma kwa moyo mweupe zinaikaribia hoja. Palipokuwa na 5 nikaandika 11, nikaweka sahihi pembeni, 34 ikawa 40 kamili. Kijana akacheza.

Kinachonikaa moyoni ni siku niliyorudisha karatasi. Aliipokea, akatazama jumla pale juu, halafu akafunua moja kwa moja hadi swali la tano. Hakutabasamu. Akaikunja mara mbili akaitia mfukoni, wakati wenzake wote walizibana zao kwenye madaftari. Toka siku ile hakuniuliza swali hata moja darasani. Alikuwa ameshanielewa: mwalimu wake haamini kwamba anaweza kuifikia 40 kwa miguu yake mwenyewe, na mwalimu wake huyohuyo ananunulika kwa nusu fainali.

Wiki chache baadaye tulifika kwenye Vita Baridi, na mada hiyo siwezi kuifundisha bila kugusa michezo. Nikawaeleza juu ya Ujerumani Mashariki: jinsi wasichana wa kuogelea, baadhi yao wadogo kuliko hao niliokuwa nao mbele yangu, walivyopewa vidonge vya bluu wakaambiwa ni vitamini. Vilikuwa homoni za kiume, Oral-Turinabol, na mpango wenyewe uliendeshwa na dola. Medali zikamiminika. Miili ya wengi wao ikaharibika. Mwaka 2000 mahakama ya Berlin iliwatia hatiani Manfred Ewald, aliyekuwa mkuu wa michezo wa nchi ile, na daktari Manfred Höppner. Wote wawili wakapewa vifungo vya nje.

Binti mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama waliowapa dawa ni wakubwa, mbona kwenye picha zote za kashfa tunamwona mwanamichezo peke yake?"

Nilijibu nilichojibu. Winga wangu alikuwa safu ya nyuma, ameinamia dawati.

Swali la binti yule ndilo lililoniongoza kuitazama upya kanuni yetu ya "asiyefaulu hachezi". Jimbo la Texas kule Marekani liliifanya sheria mwaka 1984: mwanafunzi akipata chini ya 70 katika somo, anakaa nje ya michezo wiki sita. Mwaka 1995 adhabu ikapunguzwa hadi wiki tatu. Nia ilikuwa njema, siibishi. Walitaka kitabu kitangulie mpira. Lakini angalieni kinachotokea kwa alama ukiifanya kuwa lango la uwanjani. Alama kazi yake ni kumwambia mtoto amefika wapi. Ukiitundika mlangoni kama tiketi, itatafutwa kama tiketi, na anayeikata tiketi ni mwalimu. Kila mwenye haja na mechi atakuja mezani kwake.

Na kwenye Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, hukohuko Marekani, walikuja mezani kwa miaka 18. Uchunguzi wa wakili Kenneth Wainstein, uliotoka Oktoba 2014, ulionyesha kwamba zaidi ya wanafunzi 3,100 walipitishwa kwenye kozi hewa: hakuna kipindi, hakuna mhadhiri, unapeleka insha moja tu, na kwa muda mrefu aliyezipa alama alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya idara. Karibu nusu yao walikuwa wanamichezo, na washauri wa masomo wa timu ndio waliokuwa wakiwaelekeza huko ili wastani wao usishuke wakakosa kucheza. Yaani kanuni iliyowekwa ili wanamichezo wasome ndiyo iliyozaa kozi za kutosoma. Mwaka 2017 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kikashindwa kukiadhibu chuo kwa kozi hizo, kwa maelezo kwamba kozi zile zilikuwa wazi kwa wanafunzi wote. Waliopoteza ni vijana waliotoka na shahada yenye matundu, na hawatarudishiwa miaka ile.

Msimamo wangu basi: mwacheni acheze na 34 yake. Alama ibaki 34, iandikwe, isomwe nyumbani, ifanyiwe kazi. Siku ya mechi avae jezi kama wenzake. Mkivitenganisha vitu hivi viwili, hakuna atakayekuwa na sababu ya kuja kuniomba nilipitie tena swali la tano.

Karibuni. Anayepinga apinge kwa hoja.

Mzazi: Mwalimu, nakuheshimu kwa kukiri, ila hapo pa kuondoa kanuni umeniacha. Wangu wa kiume alizuiwa mechi nne mwaka juzi. Alilia, alisusa kula, akasema walimu wanamwonea. Wiki ya pili akaanza kufungua vitabu mwenyewe, sijamgombeza. Mpira ndio kitu pekee duniani anachokiogopa kukikosa. Mimi mzazi sina fimbo nyingine yenye nguvu hiyo, na wewe unataka kuninyang'anya. Akicheza na 34, na muhula ujao akapata 28, utasema tena mwacheni?

Kocha: Naomba nami niseme, maana humu makocha tumeshafanywa wachawi. Ninao wachezaji ambao shule wanaijia kwa sababu ya timu. Ukimzuia Ijumaa, Jumatatu humwoni, na mwezi ukiisha umempoteza kabisa. Huyo utamfundisha historia akiwa wapi? Halafu kuhusu kanuni mbovu: Olimpiki ya London 2012, wachezaji wanane wa badminton ya wawili wawili wanawake, kutoka China, Korea Kusini na Indonesia, waliondolewa mashindanoni kwa kucheza ili washindwe. Walikuwa wanapiga kile kimpira cha manyoya kwenye wavu makusudi, watu wanazomea. Waliadhibiwa, na walistahili. Lakini ratiba ya makundi ndiyo iliyofanya kufungwa kuwe na faida, kwa sababu aliyefungwa alikwenda kukutana na mpinzani mwepesi. Ukiweka kanuni yenye kumlipa mdanganyifu, utawapata wadanganyifu hata miongoni mwa watu wazuri. Na mimi nakiri, nami nimeshawahi kuweka karatasi ya mtoto kwenye meza ya mwalimu.

Mwalimu wa hisabati: Mleta mada, sikubaliani nawe hata kidogo. Kanuni haina mkono. Aliyeandika 11 ni wewe. Mimi nimefundisha chini ya kanuni hiyohiyo, nimeletewa karatasi hizohizo, na nimezirudisha kama zilivyo. Kocha hakunisemesha muhula mzima, nikavumilia. Sasa wewe uliyeshindwa kuvumilia unataka tubadilishe utaratibu ili usijaribiwe tena? Hata mwanafunzi anayeigilizia kwenye mtihani angeweza kusema hivyo: ondoeni mtihani, mimi sitaigilizia.

Mleta mada: Nianze na mwalimu wa hisabati, kwa sababu amenipiga panapouma na amenipiga kwa haki. Mkono ulikuwa wangu. Nilikwenda kwa mkuu wa shule nikamweleza, akasema mambo hayo yameshapita, tusiyafukue. Kwangu hayajapita, na wewe uliyerudisha karatasi kama ilivyo ulifanya kazi ambayo mimi niliikimbia. Hilo sitalizungushia maneno.

Lakini sikubali kwamba hoja inaishia kwenye ushujaa wa mmoja mmoja. Kumbuka shule za jiji la Atlanta, Marekani. Uchunguzi uliotoka mwaka 2011 ulikuta walimu na wakuu wa shule 178, katika shule 44, wamehusika kwenye udanganyifu wa mitihani. Wengine walifuta majibu ya watoto wakayasahihisha kwa mikono yao, kwa sababu malengo ya ufaulu yalikuwa yamefungwa kwenye kazi zao na marupurupu yao. Mwaka 2015 kumi na mmoja walitiwa hatiani kwa sheria ileile inayotumika dhidi ya magenge ya uhalifu. Ukikuta mmoja au wawili, utasema ni tabia zao. Ukikuta 178, lazima pia uulize ni nani aliyeweka mzigo pale na kwa nini aliuweka kwenye alama. Na wanaolipa ni walewale wa siku zote: mtoto ambaye jibu lake limesahihishwa anahesabiwa kuwa anaweza kusoma, basi hakuna anayehangaika kumfundisha.

Kwa mzazi: swali lako ni zito kuliko mengine yote, na sitajifanya ninalo jibu jepesi. Mwanao alishtuka akasoma, namshukuru Mungu. Lakini alishtuka kwa sababu shuleni kwenu hakuna aliyempandishia. Kama angekuwa ndiye mfungaji wa timu, na mechi hizo nne ni za mwisho wa mashindano, una hakika wangemwacha akae nje? Ninavyoona mimi, kanuni hii inawabana wachezaji wa benchi na kuwapisha nyota. Na akipata 28, nitakachodai ni muda wake. Siku mbili za mazoezi kila wiki awe na mwalimu, kocha akiwa amekaa humohumo chumbani akishuhudia kazi inayofanyika. Jumamosi acheze. Mtu asiyejua kuandika insha hafundishwi kuandika kwa kukalishwa nje ya uwanja. Anafundishwa kwa kuandikishwa insha.

Kocha, asante kwa kusema uliyosema. Si rahisi.

Mmeniuliza, wengine kwa faragha, kijana yule alifikia wapi. Kabla mwaka haujaisha nilimwita baada ya mazoezi, bado ana vumbi la uwanjani magotini. Nikamwambia nilichokifanya, ingawa alikijua, nikamwomba radhi. Alikaa kimya muda mrefu. Nikamwuliza kama yuko tayari kulijibu upya swali la tano, hapohapo, kwa dakika arobaini, bila alama yoyote kwenda ofisi ya taaluma. Akachukua kalamu. Nikalisahihisha mbele yake, nikampa 8. Akaniuliza kwa nini si 9. Nikamwonyesha hoja ya tatu, haikuwa na mfano. Akasema mfano upo, umo ndani ya aya ya pili, sijasoma vizuri. Tukabishana juu ya aya ile mpaka mlinzi akaja kufunga madarasa.